Wasee, Tuongee Kuhusu Septiki Kabla Baridi Ifike

Leo sina story ya mapenzi, na sina ushauri wa kutafuta doo mtandaoni. Leo tunaongea kuhusu choo. Kama unakula, maliza kwanza, nitakungoja.

Najua unacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka. Lakini wengi wetu tunaishi Kitengela, Rongai, Syokimau, Ruaka, Juja, na ploti nyingi za huko hazijaunganishwa na laini ya maji taka. Ukiflashi, hiyo kitu haiendi "huko". Inaenda mita kumi nyuma ya jikoni, inakaa hapo, inakungoja.

Maoni yangu ni haya: kinachoharibu septiki zetu kuliko mvua na baridi ni aibu. Hatutaki kuongea kuhusu choo, kwa hivyo hatujui kinafanyaje kazi, kwa hivyo tunangoja hadi kitutapikie. Na kikitapika, tunatafuta mtu wa kulaumu. Naongea hivi kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokuwa wanatafuta mtu wa kulaumu, na mwenye makosa alikuwa mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, nikarudi kwa wazazi Kitengela. Hiyo nyumba Baba alijenga nikiwa darasa la tatu: vyumba vitatu, familia ya watu watano, septiki moja ya mawe nyuma. Miaka ilivyosonga, Baba akaongeza bedsita nne kwa ploti ndio apate kitu kidogo ya kodi. Sasa tuko watu kumi na tatu. Septiki ni ile ile ya watu watano. Hakuna mtu alifanya hiyo hesabu, hata mimi niliyekuwa nasomea biashara.

Aprili 2024 unaikumbuka. Mathare nyumba zilibebwa na maji. Mai Mahiu watu walilala na wengine hawakuamka. Kwetu maji hayakuingia ndani, tukajiona tumebarikiwa. Halafu choo kikaanza kuongea. Ukimwaga maji kwa sinki, choo kinajibu gruu gruu. Ukioga, maji yanapanda miguuni badala ya kushuka. Mwanzo wa Mei, kifuniko cha septiki kikaanza kutoa machozi, na ile harufu ikaingia hadi kwa nguo zilizoanikwa.

Baba akaita eksosta, lile lori la kunyonya choo. Elfu tisa. Katikati ya kazi mpira ukaziba, yule jamaa akauvuta nje, akatikisa. Zikaanguka pedi. Pedi nyingi. Na waipu za mtoto, zimejisokota kama kamba. Jamaa akasema bila hasira, kama mtu aliyezoea, "Mzee, waambie watu wako hii si takataka."

Macho yote yakaenda kwa bedsita namba tatu. Anaishi hapo mama mmoja mchanga, yuko peke yake na mtoto wa miezi minane. Waipu ni zake, na hakukataa. Lakini pedi nazo zikawekwa kwake. Baba akaanza kusema atatafuta mpangaji mwingine mwisho wa mwezi.

Mimi nilinyamaza. Pedi nyingi zilikuwa zangu.

Acha nieleze, si kujitetea. Bafu yetu haikuwa na pipa. Pipa la takataka lilikuwa jikoni, na kufika jikoni unapita sebuleni, na sebuleni kuna Baba na kaka zangu wawili wanaangalia mpira. Nilianza hedhi nikiwa na miaka kumi na tatu. Hakuna mtu aliniambia pedi inatupwa wapi, na mimi singeuliza. Kwa hivyo niliflashi. Miaka tisa. Nikidhani ikipotea imeisha.

Pedi haiishi. Imetengenezwa kwa plastiki na vitu vya kunyonya maji, kazi yake ni kufura. Ikiingia septiki inafura, inakaa.

Siku tano baada ya eksosta kuondoka, septiki ilikuwa imejaa tena hadi juu. Baba akasema tumeibiwa. Mama akasema labda watu wa bedsita wanaoga sana. Mimi nikaingia YouTube kutafuta majibu, na hapo ndio nilichanganyikiwa kabisa. Karibu kila video ilikuwa ya mzungu amevaa koti nzito, amesimama kwa theluji, anaongea kuhusu septiki wakati wa baridi.

Binamu yangu ako Minnesota, huko Marekani, ambako Wakenya wako wengi, nikamuuliza kama hiyo mambo ni ya kweli. Akaniambia ni kweli kabisa. Huko baridi inashuka chini ya sifuri hadi digrii 20 na zaidi, ardhi inaganda hata zaidi ya mita moja kwenda chini, na mabomba ya septiki yanaweza kuganda na choo kikakwama Januari yote. Kwa hivyo kabla theluji ianze, watu hufunika septiki na nyasi kavu kama blanketi. Theluji ikianguka juu yake hawaitoi, kwa sababu nayo inazuia baridi. Hawapitishi gari hapo, kwa sababu theluji ikikanyagwa baridi inaingia ndani zaidi. Na bomba linalovuja tone tone wanalirekebisha haraka, kwa sababu yale maji kidogo yanaganda ndani ya paipu pole pole hadi inaziba.

Shida yao ni barafu. Yetu ni maji. Kitengela hakuna theluji, hata kama Julai tunavaa majaketi mbili na kuita winter. Lakini binamu alisema kitu kimoja kilichonishika: "Huku ukingoja baridi ifike ndio uanze kufikiria septiki, umechelewa." Hiyo ni yetu pia.

Sasa sikiza vile inafanya kazi, kwa sababu nilifika miaka ishirini na mbili bila kujua. Septiki ni tangi lenye matabaka matatu. Tope zito linakaa chini. Mafuta na povu vinaelea juu. Katikati kuna maji, na ndani yake bakteria wanakula uchafu. Yale maji ya katikati yanatoka upande wa pili, yanaingia shimo la mawe, na kutoka hapo yananywewa na udongo. Tope ndilo linabaki, na ndilo eksosta inakuja kuchukua. Kwa familia ya kawaida, ushauri unaotolewa sana ni kunyonya kila miaka mitatu hadi mitano. Ukiwa na watu kumi na tatu kwa septiki ya watano, usingoje hiyo miaka.

Umeona penye shida iko? Septiki haimalizi maji. Udongo ndio unamaliza. Na udongo wa kwetu ni ule mweusi, unaopasuka wakati wa jua na kushika gambuti wakati wa mvua. Ukishiba maji unafura, unafunga, haunywi tena. Kwa hivyo mwezi wa tano septiki yetu haikuwa imejaa choo peke yake. Ardhi yote ilikuwa imejaa, na maji hayakuwa na pa kwenda. Tulilipa elfu tisa kunyonya maji ambayo yalirudi yenyewe kutoka kwa udongo.

Hii naomba uishike: mvua kubwa ikinyesha na septiki ijae, kuinyonya yote mara moja inaweza kuwa hasara tu. Na kama ni tangi la plastiki, ni hatari pia, kwa sababu tangi tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji linaweza kuinuka kama mashua na kuvunja mabomba. Kama choo kinarudi ndani ya nyumba, sawa, punguza kiasi upate nafuu, lakini jua umenunua siku chache, hujamaliza shida.

Halafu baridi ikafuata. Juni hadi Agosti jua linapotea, udongo unakauka polepole sana. Bakteria nao wanapunguza spidi. Hawafi, ni kama wewe tu Jumatatu asubuhi Julai, kazi inafanyika lakini hakuna haraka. Na sisi binadamu tunaongeza mzigo. Nguo zinakaa wiki mbili kwa sababu hazikauki, halafu Jumamosi moja jua linachungulia, ploti nzima inafua siku hiyo hiyo. Maji ya familia tano yanaingia septiki kwa masaa manne. Yanakoroga tope lililokuwa limetulia chini, tope linasukumwa hadi shimo la mawe, linaziba pale udongo unapokunywa. Na shimo la mawe likiziba, eksosta haisaidii. Hapo ni kuchimba upya.

Sasa nifike kwa ile siku iliyofanya niandike hii.

Bado ni Mei. Fundi mmoja wa mtaa akaja, akaangalia, akamwambia Baba kwa sauti ya chini, "Mzee, usisumbuke. Usiku mvua ikinyesha sana tunatoboa hapa upande wa chini. Inaenda na maji ya barabara. Asubuhi hakuna mtu atajua, mvua imeosha." Elfu mbili.

Baba hakukataa. Nataka niseme ukweli, hakukataa. Alikuwa ametoa elfu tisa zikapotea, wapangaji wawili walikuwa wameanza kulalamika, na ploti mbili za juu yetu zilishafanya hivyo. Ndio maana ile mitaro ya mtaa wetu inanuka kila Mei na kila Novemba. Sote tunajua. Tunafunika pua na tunapita.

Chini ya ploti yetu kuna shosho anayeuza mboga, na ana kisima. Watoto wa bedsita wanacheza kwa huo mtaro wakienda shule. Kipindupindu Kenya si story ya kitabu, tumekiona, na njia yake ni hii: choo cha mtu kinaingia kwa maji ya mtu mwingine. Mvua haioshi. Mvua inasambaza.

Nikamwambia Baba, "Baba, hayo maji yanaenda kwa shosho." Akaniambia niingie ndani, hayo si mambo ya watoto. Nikaingia. Halafu nikatoka tena, nikamwambia mbele ya Mama kwamba zile pedi ni zangu, si za namba tatu, na kwamba kama ni kuhama basi mimi ndio nihame.

Hakuna mtu alinikumbatia. Baba hakuongea na mimi siku mbili. Lakini fundi hakurudi, na namba tatu hajahama mpaka leo. Na Mama siku iliyofuata alinunua pipa dogo lenye kifuniko, akaliweka bafu bila kusema neno. Shilingi mia tatu na hamsini. Miaka tisa ya shida yangu ilikuwa na dawa ya shilingi mia tatu na hamsini.

Juni, wakati rika yetu ilikuwa barabarani kukataa Mswada wa Fedha, ploti yetu ilikuwa na sheria mpya. Kuoga kwa ndoo. Maji ya kufua hayaingii septiki ile wiki imejaa, na kila nyumba ina siku yake ya kufua. Bomba la choo cha namba moja lililokuwa linavuja mchana na usiku likatengenezwa. Na Baba akapanda juu akageuza gata, kwa sababu tuligundua maji yote ya paa yalikuwa yanamwagika juu ya shimo la mawe. Tulikuwa tunalijaza sisi wenyewe na tunalaumu Mungu.

Nilikuwa naangalia simu, naona wenzangu wanasema viongozi wawajibike, na mimi nakubaliana nao kabisa. Lakini nikajiuliza: ploti ngapi zina kijana anayejua kutaja kila kosa la serikali, na usiku septiki yao inatobolewa kwa mtaro? Uwajibikaji unaanza pia hapo nyuma ya jikoni.

Septemba udongo ulipokauka ndio tulinyonya sawa sawa, tope lote, na haikujaa tena siku ya tano. Baba akachimbisha shimo jipya la mawe, refu hadi chini ya ule udongo mweusi, mbali na upande wa kisima cha shosho. Mita 30 kutoka kwa kisima ndio kipimo ambacho hutajwa sana, na ukipata zaidi ni poa.

Siku hiyo kulitokea kitu kingine. Kulikuwa na takataka imekwama kwa kona, na kijana wa eksosta, pengine rika yangu, akaanza kuvua viatu aingie. Mama akapiga kelele, "Mtoto wa mtu haingii hapo!" Yule kijana akacheka. Wasee, hiyo si ya kucheka. Ndani ya septiki kuna gesi. Moja inanuka kama yai lililooza, lakini ikizidi inaua uwezo wako wa kunusa, kwa hivyo unadhani imeisha kumbe ndio imejaa. Mtu anaanguka, rafiki anaingia kumtoa, naye anaanguka. Hivyo ndivyo watu hufa wawili watatu kwa shimo moja. Hata kama ni simu yako imeanguka huko, iache. Hata kama ni mtu, usiruke ndani, ita msaada wenye vifaa. Na watoto wasicheze juu ya kifuniko kilichopasuka.

Sasa najua mtakachosema. "Mimi ni mpangaji, hiyo ni shida ya mwenye nyumba." Nusu ni kweli. Kujenga septiki inayotosha watu na kuinyonya kwa wakati ni kazi yake, na una haki ya kumwambia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango kinachofaa. Choo kinachorudi kwa bafu yako si usafi. Lakini kile unaflashi ni kazi yako. Kwa choo inaingia vitu vitatu: mkojo, kinyesi, tishu. Pedi, daipa, kondomu, waipu, nywele za kusuka, hizo ni za pipa, hata kama pakiti ya waipu imeandikwa inaweza kuflashiwa. Mafuta ya chipo usimwage kwa sinki, yanaganda huko, na baridi inayagandisha haraka zaidi. Na Jik usimwage chupa nzima kwa choo ukidhani ni usafi. Unaua wale bakteria wanaokufanyia kazi bure.

Wengine mtasema, "Si tununue tu baiodijesta?" Mtandaoni zinauzwa kama miujiza, haijai milele, hainuki milele. Teknolojia yenyewe si mbaya. Lakini maji yanayoingia lazima yatoke, na yakitoka yanahitaji udongo wa kuyanywa. Pedi haiwezi kuoza eti kwa sababu tangi lina jina jipya. Mtu akikuuzia, muulize swali moja: maji yanaenda wapi mwezi wa tano? Akikwepa, weka doo zako mfukoni.

Kwa hivyo Januari au Februari, jua likiwaka, fanya hivi. Uliza mzee wako au mwenye ploti septiki iko wapi na ilinyonywa lini. Angalia gata zinamwaga wapi. Ikihitaji kunyonywa, nyonya wakati huo udongo umekauka, na uliza eksosta kama ina leseni ya NEMA na inaenda kumwaga wapi, kwa sababu wengine wanamwaga mtoni na wewe ndio umelipa. Weka pipa lenye kifuniko kwa bafu, hata kama nyumbani kwenu hamna msichana, kwa sababu wageni wenu wako.

Na kama wewe ni kijana wa kiume unaishi na dada zako, hilo pipa nunua wewe. Usingoje aombe. Mimi sikuomba miaka tisa.

Jioni ukifika nyumbani, uliza hilo swali moja: septiki yetu ilinyonywa lini? Watacheka. Halafu utaona vile kicheko kinaisha, kwa sababu hakuna mtu anajua.